Jeneza Lililoachwa Nje ya Kitabu

Al Nahda, Jumatano

Niwie radhi, daftari langu. Tangu nihamie Dubai kwa mwanangu sijakuandikia hata mstari. Leo nimeghadhibika.

Katibu wa kikosi cha uokoaji tulichokianzisha mjini kwetu kwa kujitolea amenitumia rasimu ya kitabu cha historia ya kikosi, ili niandike dibaji. Imeandikwa kwamba Bi Mwanaidi alifariki kabla hatujafika.

Uongo. Tulimkuta hai, akivuja damu baada ya kujifungua. Machela hatukuwa nayo. Wagonjwa tulikuwa tukiwabeba kwa jeneza la msikiti. Mumewe akasimama mlangoni: "Mke wangu hajafa, Mwalimu. Humo hatalala."

Ningeweza kuazima kitanda cha kamba kwa jirani. Badala yake nilimhutubia juu ya ushirikina, mpaka mama yule akakata roho.

Nilimpigia katibu simu. "Mwalimu, hiki ni kitabu cha sherehe," akasema. "Nani atataka kusoma habari za jeneza?"

Mwanangu naye, akivaa viatu aende kazini: "Khalas, Baba, yaishe! Waandikie upumzike."

Nipumzike! Mtoto aliyezaliwa siku ile, Salim, ndiye dereva wa kikosi leo. Kila Idi hunipigia simu kunishukuru kwa kumkimbilia mama yake, nami huitikia.

Leo nimelitafuta jina lake katika simu mara mbili, nikaacha. Nikishaamua kumwambia, au kuandika dibaji na kunyamaza, nitaandika hapa. Kabla ya hapo sistahili kushika kalamu.