Bendera ya Kijani Siku ya Moshi

Barabara ya Olive,
Fresno, California.
24 Septemba 2023.

Mpendwa Shangazi Eulalia,

Habari za Morelia? Kifua chako kinastahimili baridi ya asubuhi? Sisi hatujambo, isipokuwa mdogo wangu Yaretzi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu Bibi hukaa kando yangu, nami ulimi hufungika.

Baba yuko kwenye mavuno ya lozi, kila jioni anarudi mweupe kwa vumbi. Mimi tangu nimalize shule nagawa chakula shuleni kwa Yaretzi.

Pale kila asubuhi hupandishwa bendera inayoonyesha kama hewa ni safi au chafu. Ikiwa nyekundu, hakuna kucheza nje. Moshi wa misitu inayoungua milimani umeifanya iwe nyekundu mara nyingi mno mwezi huu, na watoto wanamalizia hasira kwa Yaretzi, kwa sababu ya pumu yake.

"We Kifua Kibovu, tumefungiwa tena kwa ajili yako!"

"Si mtoke basi, nani kawashika miguu?" Yaretzi huwajibu, mkali kama Bibi.

Alhamisi zamu ya kupandisha ilikuwa yake. Aliambiwa nyekundu, Shangazi, akapandisha ya kijani! Wakatoka wote. Kupitia dirisha la jikoni nikamwona ameinama uwanjani, midomo imebadilika rangi. Inhela yake ya kuvutia dawa ilikuwa nyumbani, chini ya godoro. Ya akiba ilikuwa imefungiwa kwa muuguzi, na muuguzi hakuwepo. Nilimshika mgongo huku karani akihangaika na funguo, nikidhani tunampoteza, hadi mlango ulipofunguka akaivuta.

Sasa ana nafuu, lakini mimi nimechoka. Mwalimu mkuu anaongelea adhabu ya bendera tu. Mama amemkataza hata kukimbia. Bibi ndiye anayenikera zaidi: "Kificheni hicho kidude, watu watasema mtoto mgonjwa. Itamtoka tu, kama ilivyomtoka Eulalia."

Pumu haijakutoka. Nilipokuja kwako nilikuona ukivuta inhela yako mbele ya wateja dukani, kisha ukaendelea kukata mkate. Nilitaka kumwambia Bibi, badala yake nakuandikia wewe.

Jumapili ijayo tutakupigia simu ya video. Tafadhali, Bibi akiwa anatazama, vuta inhela yako. Najua hujawahi kumwambia mama yako kwamba bado unaitumia. Yaretzi usimwahidi kwamba atapona. Mwonyeshe tu mfuko wa aproni unamoiweka.

Nisalimie Mjomba Fermín na binamu Leocadia. Mungu akupe pumzi nyepesi.

Ni mimi nikupendaye, binti wa kaka yako,
Araceli