Boti Itangoja Wenye Bangili

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Nimeamka saa kumi na moja kama kawaida, bila kazi ya kuamkia. Nimesali. Chai. Nimezunguka nyumba mara mbili kuikagua, kama nilivyokuwa nakagua kamio yangu ya mizigo kabla ya safari. Nyumba haina magurudumu. Ni mwezi wa nne tangu niache usukani, na asubuhi hazina mwisho.

Mama Amina amerudi na karatasi. Anauza vitenge sokoni Birere, na karatasi zote za mji huu zinapita mbele ya meza yake. Kuna kampuni ya boti inafanya matembezi Jumamosi. Kutoka bandarini Goma asubuhi, kwenda kisiwa cha Idjwi, kurudi kabla ya magharibi. Amekwisha kutuandikisha. Kiti 21 yeye, kiti 22 mimi. Hakuniuliza.

Nilimwahidi kumtembeza tangu tuoane. Miaka thelathini. Kila mwaka kulikuwa na mzigo wa kupeleka Butembo au Masisi. Sasa mzigo hakuna, basi na kisingizio hakuna.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Nimesoma karatasi kwa miwani. Ukifika Idjwi unachagua. Ama unatembea na gidi, mwongozaji wa kampuni, wote kwa mstari, kofia ya njano kichwani, bangili ya njano mkononi. Ama unajitembeza mwenyewe. Chini wameandika kwa herufi nene: BOTI ITANGOJA WENYE BANGILI. WENGINE WAANGALIE SAA ZAO.

Mama Amina ametuandikisha kwa bangili.

Mimi. Niliyetoa kamio kwenye matope ya Masisi kwa majembe mawili na dua. Leo mtu anishike mkono kwenye kisiwa. Nimemwambia sitembei kwa mstari kama mutoto wa shule. Kofia ndiyo kabisa.

Amesema kofia ni ya jua. Halafu amenyamaza. Mama Amina akinyamaza, ujue bado hajamaliza.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Nimempigia Papa Chishugi, rafiki yangu wa Idjwi. Zamani nilikuwa nambebea mananasi yake kutoka bandarini Goma. Amefurahi mpaka akakohoa. Anasema nisihangaike na kampuni, yeye ndiye kampuni. Atanionyesha mashamba, pwani, kila kitu. Hakuna filimbi, hakuna saa.

Hayo ndiyo matembezi. Unakwenda kwa mutu unayemjua.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Nimemwambia Mama Amina twende wote kwa Chishugi. Amekataa palepale. Anasema akienda kwa Chishugi hatatembea, atapika. Yeye na mke wa Chishugi watamenya ndizi jikoni, sisi wawili tutakaa uani kuzungumza gia za magari. Na kisiwa atakiona kwa dirisha la jiko.

Nikasema basi kila mtu aende njia yake, tukutane kwenye boti.

Hapo akaweka chini kitenge alichokuwa anakunja. Naandika alivyosema, maana yamenikaa kichwani tangu adhuhuri.

"Papa Amina, miaka thelathini nakuona mugongo, unaenda. Siku moja tu nilitaka tukae kando kando, tuangalie vitu, mutu mwingine aendeshe."

Nimeona haya. Lakini Chishugi amekwisha ambiwa, na pengine kuku amekwisha chaguliwa. Huwezi kumrudisha nyuma mutu wa Idjwi aliyechagua kuku.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Nimepata dawa. Nitavaa bangili yao, lakini nitakwenda kwa Chishugi. Boti inangoja wenye bangili. Haijaandikwa popote kwamba mwenye bangili lazima afuate gidi. Kwa hiyo nitatembea kwa uhuru wangu na boti itaningoja. Na kwenye boti, kwenda na kurudi, tutakaa kando kando. Kila mtu atafurahi.

Nimemweleza Mama Amina. Amenitazama kama anavyomtazama mteja anayesema kitenge kimechuja wakati hajakifua.

Nimejipongeza mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 12 Julai. Idjwi, kwa Chishugi

Niko bado Idjwi. Boti haiko.

Niandike kwa utaratibu, kama nilivyokuwa naandika safari kwenye kaye hii hii, daftari langu la barabarani.

Tumeondoka saa moja. Ziwa limetulia. Bangili ni ya plastiki, inafunga kwa kitufe, imeandikwa numero 22. Kwenda nimelala njia nzima. Ni tabia ya dereva, asiposhika usukani analala. Mama Amina aliniamsha mara mbili aniambie kitu, nikasema ndiyo, ndiyo. Sijui alikuwa ananionyesha nini.

Bandarini wao wakapiga mstari. Mama Amina na kofia yake ya njano, nyuma yake jirani yetu Mama Furaha. Mimi nikapanda pikipiki niliyotumiwa na Chishugi. Nikawapita kilimani. Nikawapungia mkono. Mama Amina hakupunga.

Chishugi amenionyesha mananasi. Nimepiga picha za mananasi mpaka simu ikazima. Tukakaa uani. Tukazungumza gia za magari.

Saa saba na nusu nikasema nirudi, boti inaondoka saa tisa. Njia ya miguu ni nusu saa. Nafasi ipo tele. Chishugi akaleta kuku wa zawadi, jike jekundu, zito, na mananasi sita kwenye kikapu. Nikataka kuondoka navyo kwa pikipiki ileile. Akakasirika kidogo. Mgeni harudishwi kwa pikipiki kama barua. Mgeni anasindikizwa kwa miguu. Pikipiki itangulize mzigo, sisi tufuate.

Hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu. Miaka thelathini sijatuma mzigo bila alama. Mzigo usio na alama ukifika bandarini ni wa kila mutu. Kuku wekundu Idjwi wako wangapi? Nikatafuta kitu cha kumtia alama. Nikafungua bangili yangu, nikamvika mguuni, kitufe kikalia. Numero 22. Nikamwambia motari, yule wa pikipiki, ampe mama wa kiti 21. Pikipiki ikaondoka. Nikafurahi na kazi safi.

Tukaanza kusindikizana. Nyumba ya kwanza ni ya shemeji yake. Huwezi kupita na mgeni wa Goma bila kuingia. Wakaleta kasiksi, pombe yao ya ndizi. Nikasema samahani, mimi ni Muislamu, sinywi. Wakaona aibu sana kwa kunipa kitu nisichokunywa. Basi lazima nipewe chai. Chai haipo, moto haupo. Wakaenda kuomba kaa kwa jirani. Tukangoja moto uwake, maji yachemke, chai ipoe.

Nyumba ya pili, kasiksi. Samahani. Aibu. Moto. Chai.

Nyumba ya tatu nilijaribu kusema sina kiu. Mama mwenye nyumba akauliza Chishugi, kwa sauti ya chini lakini nikasikia, kama amenikosea kitu. Nikanywa chai.

Ningekuwa mlevi ningefika mapema. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyo.

Nyumba ya nne nikaangalia saa. Tisa na robo. Sikuogopa. Nilisema moyoni, boti inangoja wenye bangili. Nikamalizia kikombe.

Tumefika bandarini saa kumi kasoro. Maji matupu. Mama mmoja anayeanika dagaa wa sambaza akasema boti imekwenda zamani. Nikamwambia haiwezekani, mimi niko na bangili. Akasema walihesabu bangili zote, wakakuta kamili.

"Kamili namna gani?"

Halafu nikaangalia mkono wangu.

Chishugi alicheka mpaka akakaa chini. Sikuona cha kuchekesha. Nimempigia Mama Amina kwa simu ya Chishugi. Ameuliza kama niko salama. Nimesema niko salama. Amesema sawa. Akakata.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Nimerudi kwa boti ya soko, juu ya magunia ya mananasi. Mananasi yana miba. Hakuna aliyenihesabu wala aliyenipa kofia. Ndio uhuru wangu huo.

Nyumbani, kuku amefungwa kwenye mguu wa meza, bangili bado anayo. Mama Amina amenipa bugali, majani ya sombe na maji ya kunawa. Kila kitu mahali pake. Maneno hakuna. Nimesema kampuni imenikosea na kesho nitawaonyesha. Amesema, "Nenda."

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Nimekwenda kwenye ofisi yao na shati la pasi. Nimemkuta gidi, kijana mwenye adabu. Nimempigia meza. Nimemsomea maneno yao wenyewe, herufi nene. Nimemuuliza wanahesabu namna gani, kwa macho au kwa harufu?

Akafungua orodha. Kando ya 22 kuna alama ya vema.

Akasema, "Muzee, niliita 22 mara tatu. Mara ya tatu mama wa kiti 21 akajibu. Alisema yuko hapa. Akainua mguu wa kuku, nikasoma bangili."

Nikamuuliza kama hakuona kwamba ni kuku.

Akasema aliona. Lakini mama alikuwa amesimama, watu wote wanacheka, na yeye aliogopa kumuuliza zaidi. Alidhani mimi nimeamua kulala kwa rafiki.

Kwa hiyo si kampuni. Ni Mama Amina. Alijua ninakuja, akasema nipo.

Nimerudi kwa miguu mpaka kwetu Murara. Nimekasirika njia nzima. Nilipofika nyumbani nimekuta hasira imeisha, na kilichobaki sikukipenda.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Nimeuliza kuku atachinjwa lini. Mama Amina amesema huyo hachinjwi, ana tike ya boti.

Jumatano, tarehe 16 Julai

Mtaa mzima unajua. Fundi wa baiskeli ameniita Papa Vingt-deux, yaani Papa Ishirini na Mbili. Msikitini mmoja ameniuliza habari za mke mwenza mwenye manyoya. Nimecheka kwa meno tu.

Jioni nimemkuta Mama Furaha anakaanga sambusa zake. Nikamwambia nyinyi mlicheka sana kwenye boti. Akageuza sambusa moja baada ya nyingine. Akasema ndiyo, bandarini walicheka. Baadaye hapana.

Anasema kila aliyetaka kukaa kiti 22, Mama Amina alimkatalia. Alimweka kuku pale, juu ya leso yake. Na njia nzima mpaka Goma alizungumza naye. Alimwonyesha kilima hiki, kanisa lile, wavuvi, ndege weupe. "Ona pale, ona na hapa." Watu kwanza walidhani ni mchezo. Wakanyamaza walipoona anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nimechukua sambusa mbili, sikuzila. Nimempa mlinzi wa mtaa.

Miaka thelathini namjua kila fundi wa magurudumu kutoka hapa mpaka Butembo. Huyu mwanamke alikuwa na vitu vya kunionyesha, akamwonyesha kuku. Mimi ni mjinga. Naandika hapa ili nisije nikabisha kesho.

Alhamisi, tarehe 17 Julai

Nimejaribu kuomba radhi mara tatu. Mara ya kwanza nimeuliza kama maji ya kuoga yako. Mara ya pili nimekaza kitasa cha mlango ambacho kilikuwa kimekaza. Mara ya tatu nimemfuata Birere na kusimama mbele ya meza yake, akaniuliza nataka kitenge gani. Nimenunua kitenge. Kimetoka kwenye nyumba yangu, kimerudi kwenye nyumba yangu.

Ijumaa, tarehe 18 Julai

Nimetoka msikitini moja kwa moja nyumbani. Mama Amina alikuwa nyuma ya nyumba, anachagua maharagwe kwenye sinia. Kuku yuko miguuni pake na bangili yake.

Nimechukua kigoda. Nimekaa upande wake wa kuume, upande wa abiria kwenye kamio za huku. Mikono haikujua pa kwenda, nikaiweka kwenye magoti.

Nikamuuliza, "Ulimwonyesha kuku nini?"

Alichagua maharagwe mengi kabla ya kujibu. Halafu akaanza, bila kuniangalia. Kuna kanisa jeupe juu ya kilima, unaliona kwanza dogo, halafu linajificha, halafu linatokea kubwa. Nikauliza ni kilima gani. Akasema kuku hakuuliza maswali.

Amenieleza wavuvi watatu waliofunga mitumbwi yao pamoja, wanaimba ili wapige kasia sawasawa. Mahali ambapo maji yanageuka kutoka kijani kuwa meusi. Mtoto aliyeosha ng'ombe ziwani, ng'ombe akamkimbia. Gidi wa kampuni aliyepotea kwenye mstari wake mwenyewe, wakamtafuta kwa filimbi yake. Nimecheka. Na yeye kidogo.

Halafu amefika pale bandarini, boti inaondoka. Amesema aliinua mguu wa kuku kwa hasira, na boti ilipogeuka hasira ikamwisha. Akaangalia ile njia ya kilimani, kama nitatokea, mpaka njia yenyewe haikuonekana tena.

Nimesema nilikuwa nakunywa chai.

Amesema anajua, Chishugi alimweleza kwa simu.

Nikavuta sinia katikati yetu, nikaanza kuchagua upande wangu. Mimi sijui kuchagua maharagwe, nimetupa mazima na kuacha mabovu, na yeye ameyarudia yote bila kusema. Tumechelewa kula.