Viatu vya Anitha, Baada ya Sikukuu

Rafiki yangu Paskazia,

Bei zimeshuka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Sikukuu zimekwisha, na madukani mjini wametundika tena yale makaratasi mekundu ya poromosiyo, ya kutangaza punguzo. Jumamosi nilitoka kiwandani kwetu Masoro, hapa Kigali, nikaenda peke yangu.

Duka la yule mama Mrundi bado lipo. Aliniona mlangoni, akachungulia nyuma yangu. "Mwenzako iko wapi?" Nikamwambia umefariki. Akaketi juu ya robota la nguo, akanishika mkono. "Ihangane," akasema kwa lugha yake: pole, jikaze. Wateja walikuwa wakimwuliza bei na hakuwajibu.

Nilikwenda kununua viatu vya mwanao. Nilijua ulivyokuwa ukifanya: unachukua vikubwa kidogo, ili vimfae mpaka mwaka mwingine. Lakini mguu wa Anitha sasa una ukubwa gani? Wewe ulikuwa ukirudi kutoka Ngara na uzi uliompimia, umeukunja kwenye pochi. Mimi sina uzi. Nikampigia simu mama yako palepale dukani, nikamwomba ampime mjukuu wake. Nikamsikia mtoto akikataa. Kisha akachukua simu mwenyewe.

"Mama mdogo," akaniambia, "sitaki vitu vya punguzo. Kila Krismasi Mama alikuwa anasubiri bei zishuke. Mimi nilikuwa namsubiri yeye."

Hakulia, Paskazia. Afadhali angelia.

Nilitaka kukutetea. Nilitaka kumweleza kwamba wakati wa sikukuu ndipo kiwandani kulikuwa na saa za ziada. Kwamba siku ya Krismasi ulikaa kwenye cherehani ukiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na ukiona gauni dogo dukani ulilibandika kwanza kifuani kwako, hata kabla ya kuuliza bei. Kwamba ukifika mpakani Rusumo na mabegi yako ulikuwa ukicheka na kila mtu, hata askari.

Sikusema hata moja. Mtoto alisema kweli. Ulikuwa ukifika Januari, shule imeshafunguliwa, unamkuta darasani, unakaa naye siku chache jioni jioni, unarudi. Nasi tulijiona wajanja! "Tulia, Fausta," ulikuwa ukiniambia, ukirudisha gauni kwenye henga, "sikukuu zikipita hili ni letu." Tukatoka dukani tunacheka, hatujanunua kitu.

Zikapita, kweli. Zote.

Ulipoanguka pale kwenye mashine tulidhani ni njaa, maana ulikuwa hujala. Kumbe ni presha. Hospitali walijaribu. Nilikusindikiza mpaka kwenu, na pale kaburini Anitha alikuwa amevaa sweta ulilompelekea mara ya mwisho. Mikono ilikuwa bado mirefu, ameikunja. Watu wote walikuwa wakikulilia wewe, mimi nikawa naangalia ile mikono.

Viatu nilinunua hata hivyo. Nilikisia. Nikavipeleka stendi ya Nyabugogo, nikampa dereva wa basi la Rusumo, na mjomba wako akavipokea ng'ambo ya mpaka. Nilirudi nyumbani nikiwa na matumaini, mjinga mimi. Nikawaza atavijaribu, vikimbana atanipigia simu kunigombeza, na kwangu hata hilo lingekuwa jambo zuri.

Mama yako alinipigia katikati ya wiki. Anitha hakulifungua boksi. Alilibeba kama lilivyofika, akampa binti wa jirani, na kumbe vimemkaa vizuri, huyo mtoto anavivaa kanisani. "Mwache, mwanangu," mama yako akaniambia, "jina lako hataki kulisikia, na hata mimi hanisemeshi." Kisha akawa ananiuliza habari za mvua ya Kigali, nami nikamjibu, na sote tulijua hatuzungumzii mvua.

Kitanda chako chumbani kwetu amekichukua msichana kutoka Rusizi. Ni mwema, hana kosa lolote, anafagia chumba kabla sijaamka. Nashindwa kumpenda. Cherehani yako nayo ina mtu. Kiwanda hakikusimama hata siku moja, na mimi sikutegemea kisimame, lakini iliniuma.

Sasa napita mbele ya madirisha ya yale maduka nikitazama chini. Kila kitu kimekuwa rahisi, rafiki yangu, na sina wa kumnunulia. Nimebaki ugenini kwa sababu sijui niende wapi. Tulikuja kufanya kazi kwa ajili ya watu wa nyumbani. Mimi wa nyumbani kwangu walikwisha zamani, nikawa nashona kwa ajili ya wa kwako, na sasa huyo mmoja hataki hata jina langu litajwe.

Sitakudanganya kwamba yatapoa. Sioni yatapoaje.

Ila nakuahidi hili. Pasaka nitakwenda kwenu Ngara, na nitafika kabla ya sikukuu yenyewe. Sitabeba kitu. Najua anaweza kujifungia ndani, asitoke hata kula. Basi nitakaa uani na mama yako tukichambua maharage, nizungumze kwa sauti ya kawaida, ili aliye ndani asikie kwamba kuna mtu amekuja na hajaondoka.

Lala, Paskazia.

Wako,
Fausta