Mama Mkwe Anamlisha Mwanangu Ngano kwa Siri

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie upesi kwa sababu nyumbani kwangu pamechacha na sijui tena kama nina haki au nimerukwa na akili. Kijana wangu Kasyoki, wa miaka minne, amekuwa akiharisha na kuvimba tumbo, na daktari alipompima akasema utumbo wake haupatani na ngano, asionje hata kidogo, basi nikaacha chapati, mandazi na mkate, nikaenda hadi maduka makubwa ya Syokimau kutafuta mkate usio na ngano, bei yake ikanitoa mbio. Nikaona heri nimwongezee uji asubuhi na jioni, ule unga wa kuchanganywa wa soko la Tala, wimbi, mtama, soya na vinginevyo, lakini bado anaharisha, anazidi kukonda, naogopa nitampoteza, na mchawi wangu ninamjua. Ni mama mkwe, Wanza, anayebaki naye nikienda kazini, maana kwake mtoto asiyepewa chapati hapendwi. Jumapili nilimkabili mbele ya wageni, akasema, "Mimi hata kwangu nimewacha kupika chapati juu ya huyu mtoto. Unanionea bure." Nikamwambia asimguse tena. Sasa mume wangu Maundu anasema nikimfukuza mamake, nifungashe na zangu. Nimfungie mama huyu mlango?

Nzilani, Machakos

Pole sana, Nzilani. Mtoto akikonda mbele ya macho yako, lazima utafute wa kulaumu. Lakini mlango huo usiufunge.

Nimekwama kwenye neno lako moja: vinginevyo. Ni vitu gani hivyo, mama? Hujui, kwa sababu hukuuliza. Wengi wanaochanganya unga wa uji hutia na ngano humo humo, wala hawafichi, wanaona wanaongeza afya. Wewe ulidhani ngano ni chapati na mkate tu. Huenda wa kumlisha ngano kila siku ni wewe, tena kwa mapenzi yote.

Unga huo utoe nyumbani leo. Nunua wimbi peke yake, ichague, ioshe, uisage kwenye mashine isiyosaga ngano, maana mabaki yake hubaki ndani. Na Syokimau ulifuata nini, mtu wa Ukambani? Muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na ndengu, viazi vitamu, mihogo, ugali, vyote havina ngano na viko sokoni kwenu kwa bei unayoiweza. Au muthokoi unauonea haya? Kisha mrudishe Kasyoki kwa daktari wiki hii, asisubiri mimi na wewe tuandikiane.

Kuhusu mama mkwe, ulimwaibisha mbele ya watu, basi muombe msamaha mbele ya watu hao hao. Usimtume Maundu akusemee, na usianze na "lakini". Nenda mwenyewe na mtoto, na ukifika, mweke Kasyoki mapajani pake kabla hujafungua mdomo.