Salamu Niliyoisikia

Yakhe Twalib,

Watu wasema barua ni nusu ya kuonana. Mimi nimebakiwa na nusu hiyo tu, na hata hiyo naiandika nimeinamisha uso, kwa kuwa naona haya kukwambia nililokufanyia. Hukulijua ulipokuwa hai. Ungelijua ungenitukana, mambo yakaisha.

Rukia wako alikuja dukani Makupa na simu yako na vile vidude vyako vya masikioni vya kukusaidia kusikia, amevifunga ndani ya leso. Ataka mamake avitumie. Daktari wa masikio amemwambia vyaweza kupangwa upya vimfae. Lakini tangu simu ijisasishe yenyewe, havifanyi kazi sawasawa. "Ami, baba alihangaika navyo mpaka mwisho," akanambia. Nikamwambia aviache, nitavitazama.

Simu ilionyesha kuwa vimeunganishwa. Nikavitia masikioni mwangu nivipime. Nikafungua mawaidha kwenye simu, yakaja safi, kana kwamba shekhe amekaa ndani ya kichwa changu. Nikayazima, nikangoja nisikie vya nje. Kimya. Nikainua macho, nikamwona mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, amesimama mbele ya kaunta amenuna. Kisha akageuka akaenda zake. Muuza viatu wa jirani akaja akanigusa bega, nikavitoa vile vidude. "Fundi, mtu akutolea salamu mara mbili nawe wamtazama tu?"

Sikumsikia, Twalib. Malori ya Makupa yapiga honi mchana kutwa, na mimi sikusikia hata moja. Simu ilipojisasisha ilibadilisha mpango: vidude vikishikana nayo vyaziba sauti za nje, vyaingoja simu iseme, hata kama simu haina la kusema. Ukiwa umevivaa, huwa kiziwi kuliko bila ya kuvivaa.

Hapo kazi ikanishinda, kwa kuwa nilikumbuka.

Siku ile Kibokoni nilikukuta barazani kwako, watu wamejaa, kahawa yamiminwa. Jana yake tulikuwa tumegombana juu ya mchezo wa dhumna. Mimi nilisema umeiba, wewe ukasema nimezeeka. Mambo yetu ya kila siku. Nikatoa salamu. Wote wakajibu ila wewe, ukanitazama usoni ukatabasamu kidogo, basi. Nikasema, huyu anidharau mbele za watu. Nilijua una vidude. Ulinionyesha mimi kabla ya mtu yeyote, kwa kuwa uliona aibu watu wajue kuwa kelele za makontena ya bandarini Shimanzi zimekula masikio yako. Na kujua huko ndiko kulikonikasirisha: mwenye vidude asikia, na asiyejibu amekusudia. Mimi, fundi wa simu. Haikunijia hata kuuliza kama simu yako imeguswa na kitu.

Nikasusa. Baraza nikaihama, njia nikaibadilisha, na waliotaka kutupatanisha nikawaambia sina neno na mtu. Kisirani changu walikijua.

Kisha ukaja mwenyewe dukani. Ulisimama pale, simu mkononi, ukasema kwa sauti kubwa kuliko kawaida yako, "Salaam aleikum, fundi." Nilisikia. Masikio yangu ni mazima. Nikainamia simu ya mtu niliyokwisha kuitengeneza, nikakaza skrubu iliyokuwa imekazika tayari. Kutoa salamu ni suna, kuijibu ni faradhi. Hilo tulifundishwa pamoja chuoni tukisoma Kurani, na fimbo zake tulizila pamoja. Nikaendelea kukaza skrubu. Ukangoja. Kisha ukasema, "Haya, una kazi, nitarudi siku nyingine."

Hukurudi. Moyo wako ulisimama siku chache baadaye, ukiwa kwako, umekaa wangoja chai. Nilibeba jeneza pamoja na wengine. Watu wakanipa mkono wa pole kama ndugu yako, nami nikaipokea ile mikono yote. Hilo nalo lanichoma.

Vidude vimepona. Haikuwa kazi kubwa: niliiamuru simu ivisahau, nikavizima nikaviwasha, vikajuana upya kama wageni, nikarudisha mpango wa kusikia vya nje. Muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Ndiyo kazi uliyokuja kunitaka siku ile dukani.

Rukia alipokuja kuvichukua nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimejipanga tangu asubuhi. Akanitangulia. Akasema siku ile ulirudi nyumbani huna raha, ukamwambia, "Nimekwenda kwa Saidi. Nimemsalimu, naye bila shaka amenijibu, ila mimi siku hizi sisikii kitu."

Yakhe.

Ulinitilia jibu kinywani, na mimi nilikuwa nimeliuma kwa meno. Mimi nilikudhania ubaya ukiwa kiziwi, na wewe ukanidhania wema nikiwa mbaya. Rukia akanishukuru, akaenda zake. Sikumwambia. Nimekwambia wewe kwanza, kwa kuwa deni ni lako. Yeye nitamwambia nikimaliza barua hii, nikipata uso wa kumtazama nao.

Tangu ufe, dhumna barazani yachezwa na watu wasiojua hata kuiba. Nimerudi kukaa. Mahali pako hapakai mtu, na mimi sipasogelei.

Nakuahidi jambo. Kila simu ile itakapojisasisha, nitakwenda Kibokoni mwenyewe kumtengenezea mamake Rukia, sitangoja kuitwa. Na kila nikipita makaburini nitaanza mimi kukutolea salamu. Najua hutanijibu, wala sitakununia.

Pumzika, Twalib. Na ile salamu yako ya dukani, ambayo niliisikia: waaleikumu salaam.

Saidi