Ndoo ya Marehemu

3 Februari

Kitinda wangu,

Hujambo, mwanangu? Mkwe wangu na wajukuu hawajambo? Mimi mzima, ni magoti tu yanayolalamika.

Nina kilio. Kaka yako alikuja kusafisha ua, akaitupa ndoo ya baba yako pamoja na vyuma chakavu. Ati imetoboka! Ile marehemu aliyoitengeneza kwa mikono yake, imenyooka kama ngoma, tukanywea sote watano. Kona ya jikoni imebaki tupu, nikipita nageuza uso.

Nataka fundi bati anitengenezee nyingine vilevile. Kimo ninacho: alama ya kutu ukutani inafika sentimita ishirini na nane. Ujazo baba yako alijigamba nao maisha yake yote: lita ishirini, haipungui kijiko. Upana ndio hakuna aliyepima. Wewe ndiye wa hesabu, nitafutie.

Mama yako

19 Februari

Mama, shikamoo.

Huku wazima, tunakukumbuka. Barua yako imenirudishia ladha ya maji yale. Baba alikuwa akininyanyua nichungulie ndani, nione uso wangu ukitikisika.

Hesabu hii hapa. Ujazo ni ishirini na mbili juu ya saba, mara kimo, mara nusu kipenyo, mara nusu kipenyo tena. Lita ishirini ni sentimita za ujazo elfu ishirini. Ishirini na mbili juu ya saba mara kimo chako ni themanini na nane. Gawanya elfu ishirini kwa hiyo, unapata kama mia mbili ishirini na saba. Kipeuo chake cha pili ni kumi na tano na ushee kidogo. Basi nusu kipenyo ni sentimita kumi na tano.

Mwanao, Kitinda

2 Aprili

Kitinda,

Natumaini hamjambo. Ndoo imekuja, nyembamba kama bomba! Fundi aliniuliza, "Mama, upana kumi na tano tu, una hakika?" Nikamjia juu: "Kapiga hesabu mwanangu, na mwanangu hakosei."

Nimeijaza: lita tano, basi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalia, nisikufiche. Maana inanitosha kutwa nzima, na maji yanabaki. Hiyo ya lita ishirini ningeinywa na nani? Usijisumbue tena. Umekosea, lakini umepatia.

Mama yako

14 Aprili

Mama, shikamoo. Hali sikuulizi, umeshaniambia.

Sikukosea, na wala sikupatia. Nilisema nusu kipenyo, yaani kutoka katikati hadi ukingoni. Upana mzima ni thelathini. Ukiukata nusu, maji yanabaki robo.

Mwambie fundi atengeneze nyingine, upana thelathini, na mwombe radhi. Shule zikifungwa tunakuja sote wanne. Pamoja nawe tutakuwa watano. Nataka niwanyanyue hawa watoto mmoja mmoja, wachungulie ndani.

Hiyo nyembamba usimpe mtu. Nitaondoka nayo, jikoni kwangu pia kuna kona tupu.

Mwanao, Kitinda