Tumbo la Sukari

Jumatano. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne, ikarudi saa saba kama imesahau kitu. Ziwa halionekani kabisa. Na mimi leo nisingependa kuonekana.

Naandika haya mapema kabla sijajitungia visingizio, maana kwa visingizio mimi ni fundi.

Mnaosoma hapa mnajua kazi yangu. Yale makumbusho madogo ya historia ya polisi, hapa Gisenyi, yenye filimbi, pingu zilizoshika kutu, baiskeli ya doria na taipureta ambayo kila mtoto lazima aiguse. Mimi ndiye ninayewatembeza wageni, na ndiye ninayeandika maelezo yanayobandikwa chini ya kila kitu. Mwezi huu tumefungua chumba kipya, chumba cha mpaka, na ndani yake iko picha moja ambayo wageni wote wanasimama mbele yake. Mwanamke kijana amesimama mbele ya meza ya askari, kitenge kimembana, tumbo limetangulia mbele. Anaangalia chini. Ni picha ya zamani, mimi sijazaliwa.

Chini yake niliandika: "Mwanamke wa magendo, amekamatwa na sukari aliyoifunga tumboni kama mimba."

Sasa, nani aliniambia ni sukari?

Hakuna. Ila hapa kwetu kila ukoo una hadithi yake ya tumbo la sukari. Shangazi fulani alirudi kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, asubuhi ana mimba, mchana akavuka tena mwembamba kama mwanzi, jioni mimba imerudi. Tunazicheka kwenye harusi. Mtu wa Gisenyi akiona picha ya mpakani yenye mwanamke mwenye tumbo, hafikirii mtoto. Anafikiria kilo ngapi.

Basi ningeishia kwenye maandishi. Wapi! Nikaongeza na mchezo. Nina kitambaa changu cha kijani cha shingoni. Wageni wakifika kwenye ile picha, nakikunja, nakisukuma ndani ya blauzi, nashika kiuno, natembea nikipepesuka hadi kwa askari wa kuwaziwa. Halafu nakichomoa: "Kumbe kilo tano!" Watu hoi. Mkuu wetu alisema wageni wanatoka wamefurahi. Nilijivuna, sidanganyi.

Leo asubuhi lilikuja darasa kutoka Kanama, watoto wa shule ya msingi, na mwalimu wao anaitwa Solange, mtu mzima wa miaka arobaini hivi. Alikuwa na mama mmoja mzee mwenye mwavuli na kitenge kizuri cha kanisani. Nikadhani ni mzazi aliyekuja kusaidia kuangalia watoto. Tulipofika chumba cha mpaka nikafanya mchezo wangu, na leo niliuzidisha kwa sababu watoto walikuwa wachangamfu. Mmoja alicheka hadi akakaa chini.

Yule mama akapita katikati ya watoto, polepole, akasimama mbele ya picha. Akaiangalia muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Mi ndiye huyu," akasema. "Na ile tumbo haikukuwa sukari." Akamshika Mwalimu Solange mkono. "Ilikuwa huyu."

Kitambaa bado kilikuwa mkononi mwangu.

Watoto wakamwangalia mwalimu wao, wakaangalia picha, wakaniangalia mimi. Neno moja tu lilitakiwa pale. Samahani. Hata mtoto wa miaka mitatu analijua. Mnajua mimi nilisema nini? "Haya watoto, twende tukaone baiskeli." Nikawapeleka kwenye baiskeli, nikaeleza habari za taa na kengele na matairi, naeleza tu, nashindwa kunyamaza. Nilipomaliza, yule mama alikuwa ameshatoka, amesimama nje kwenye mvua na mwavuli wake. Basi lao likaondoka.

Hiyo ni aibu ya kwanza. Ya pili sijamwambia mtu.

Picha ile nilipoipokea ilikuwa na mstari wa penseli mgongoni, kwa Kifaransa, mwandiko safi tu. Ulisema: amepekuliwa, hakukutwa na kitu, ameachiliwa. Niliusoma. Nikausoma tena. Nikaona mwanamke ambaye hakufanya lolote hatasimamisha mgeni hata mmoja. Nikaitia picha kwenye fremu, mgongo ukaangalia ukuta, nikaandika sukari. Kwa hiyo zile hadithi za mashangazi nilizozitaja hapo juu zisinisaidie. Sikukosea. Nilijua.

Mdomo uliponza kichwa, lakini wangu ulianza kuponza kichwa cha mwenzangu.

Saa nane niliomba ruhusa. Mkuu akauliza naenda wapi, nikasema jino linaniuma. Uongo mwingine, siku hiyohiyo! Nikampigia Mwalimu Solange, namba yake aliiacha kwenye kitabu cha wageni. Akanijibu kwa kifupi: "Mama anakaa Nyamyumba. Uende kwake, si kwangu." Akanielekeza njia, akakata.

Mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu, ndivyo nilivyolelewa. Nikapita dukani mbio mbio, nikanunua kile ambacho kila mtu hununua akienda kwa watu, nikapanda pikipiki. Tulikuwa tumeshauacha mji ndipo nikaangalia ndani ya mfuko niliokuwa nimeukumbatia tumboni nisije nikauangusha.

Sukari. Kilo mbili.

Jamani, nilitaka kuitupa ziwani. Dereva akaniuliza kama niko sawa, nikasema niko sawa.

Mama Solange alinikuta mlangoni, akaupokea mfuko kwa mikono miwili kama desturi, akachungulia. "We madamu," akasema, "unaniletea sukari? Mimi?" Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika mlango. Mimi nikalia, tena kilio cha makamasi, si cha heshima. Akaniingiza ndani, akachemsha chai, akatia ile sukari, tukanywa.

Akanieleza. Alikuwa na miezi minane. Alikuwa anavuka kwenda Goma kwa mama yake, ili uzazi wa kwanza umkute kwa mama. Wakamsimamisha, wakampapasa tumbo mbele ya mstari mzima wa watu. Akasema yule askari yeye ameshamsahau, alipapasa, hakuona kitu, akamwachia, bon, ikaisha. Ila mstari mzima ulicheka. Akaniambia, "Wenye walicheka, wale ndio sijawasahau."

Mimi ndiye huo mstari.

Nikamuuliza ilikuwaje leo akaja. Kumbe mwalimu mmoja alimwambia Solange kwamba makumbusho kuna picha ya mama anayefanana naye. Mama hana picha yake hata moja ya ujana. Ndiyo maana kitenge cha kanisani. Alivaa vizuri kuja kujiona.

Nikamwambia kesho naitoa picha ukutani. Akakataa. Picha ibaki, maneno ndiyo yabadilike. Nikapiga magoti nikasema samahani, na nilikuwa nasema kweli. Akaniinua. "Pole yako nimeisikia," akasema. "Lakini ulinichekea mbele ya watoto. Hapa kwangu watoto hawako."

Kwa hiyo kesho asubuhi niko Kanama. Solange amekubali niongee na watoto wakiwa kwenye mstari, kabla hawajaingia madarasani. Mama yake atakuwepo. Kabla ya hapo nitampigia mkuu wangu nimwambie kuhusu ule mstari wa penseli, na kwamba jino langu ni zima. Akinifukuza, atakuwa na haki yake.

Tangu nirudi najaribu kupanga maneno. Kila ninachoandika kinaanza na mimi. Mimi nilidhani, mimi naona aibu, mimi nimelia. Nafuta. Watoto hawakuja makumbusho kunisikiliza mimi, na mama yule hakusafiri kwenye mvua kwa ajili ya aibu yangu.

Sentensi ya kwanza nimeipata sasa hivi: "Watoto, ndani ya lile tumbo alikuwemo mwalimu wenu." Ya pili ni kwamba nilijua haikuwa sukari, nikawadanganya ili mcheke.

Kitambaa cha kijani nitakwenda nacho, nimevaa shingoni, wanitambue vizuri. Halafu nitasimama palepale mbele ya mstari, na wakitaka kucheka, safari hii wanicheke mimi.